Nani Anaisubiri Kazi Hii? Mjadala wa Fizikia ya Nadharia Itumba

Ukiiacha barabara kuu ya kwenda Zambia pale Mpemba, karibu na Tunduma, lami ya kilomita zipatazo 50 inakufikisha Isongole, mpakani mwa Malawi, na jirani na hapo ndipo ilipo Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Ni mji wa ofisi za halmashauri, soko na shule. Chuo kikuu hakuna. Katika mji wa namna hii mwalimu wa fizikia wa sekondari ndiye mwanafizikia pekee ambaye watu wengi watamfahamu maishani mwao, na huenda naye aliondoka chuoni na swali ambalo hakulimaliza: mlinganyo alioukuta kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, au wazo kuhusu namna vitu vinavyopoa. Daftari la swali hilo linalala chini ya madaftari ya kidato cha pili, na mwaka unapita, na mwingine. Mjadala huu unamhusu yeye. Je, ana sababu ya kuling'ang'ania swali hilo, na kwa nini halifiki mwisho? Wanaosema humu si watu maalumu. Nimezipa sauti hoja ambazo naona zina uzito, kisha nimezijibu.

Niuweke msimamo wangu mbele, anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Kazi ya nadharia inayofanywa pembeni haikwami hasa kwa kukosa muda, wala vifaa, wala akili. Hukwama kwa sababu hakuna mtu anayeingoja. Ushahidi wangu wa kwanza ni wa mtu ambaye hakupungukiwa na chochote kati ya hivyo. Agosti 1684 Edmond Halley alikwenda Cambridge kumwuliza Isaac Newton: sayari ikivutwa na Jua kwa nguvu inayopungua kadiri ya mraba wa umbali, itapita njia ya umbo gani? Newton alimjibu papo hapo kwamba njia hiyo ni duaradufu, na kwamba hesabu yake alikwisha kuipiga. Alipoitafuta karatasi yenyewe, hakuiona. Tuseme ukweli: moja ya hesabu kubwa kuliko zote katika historia ya sayansi ilikuwa imepigwa, ikawekwa, ikapotea, na mwenyewe hakuhangaika, kwa kuwa hakuna aliyemdai. Halley alimdai. Novemba ya mwaka uleule alipata andiko la kurasa tisa, na mwaka 1687 likatoka Principia, kitabu ambacho Halley mwenyewe alilipia uchapaji wake. Newton alikuwa na kiti cha uprofesa, mshahara na utulivu. Alichokosa hadi siku ile ni mtu wa kumwambia: nataka kuiona.

MKUU WA SHULE: Mwandishi, karibu sana. Nimekusikia, lakini mimi kazi yangu ni kuiangalia ratiba. Mwalimu huyu ana vipindi vya fizikia na vya hisabati, ana maandalio ya masomo, ana wiki ya zamu, ana mitihani ya kusahihisha. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mzazi hataniuliza habari za nadharia. Ataniuliza mtoto wake kapata nini. Saa hiyo ya daftari lake anaitoa wapi, kama si kwa watoto?

Mkuu, hoja yako siipuuzi, na saa ya kipindi ni ya mwanafunzi; hilo halina mjadala. Lakini tazama kazi kubwa za nadharia zilifanywa saa ngapi. Albert Einstein aliingia ofisi ya hataza ya Bern mwaka 1902 na akabaki humo hadi 1909, akikagua maombi ya wavumbuzi siku sita kwa wiki. Makala zake za 1905, zile zilizobadili fikra zetu kuhusu mwanga, wakati na chembe ndogo za maada, ziliandikwa na mwajiriwa wa serikali. Satyendra Nath Bose alikuwa akifundisha Dhaka, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1921, na alipokuwa akiwaeleza wanafunzi wake kanuni ya Planck kuhusu mionzi ya vitu vya moto, aliona kwamba namna ilivyokuwa ikithibitishwa haimridhishi. Kutoka kwenye kutoridhika huko ikatoka makala fupi ya mwaka 1924, na leo mojawapo ya makundi mawili ya chembe zote za msingi limepewa jina kutokana na mwandishi wake: bosoni. Darasa halikuwa adui wa nadharia ya Bose. Darasa ndilo lililomlazimisha kuona ufa. Mwalimu anayefundisha kanuni ya kupoa ya Newton kila mwaka, kwa vijana wanaouliza maswali yasiyotarajiwa, yuko karibu na ufa kuliko mtu aliyeacha kufundisha.

Na kuna faida ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi kwa shule yako, nayo ushahidi wake ni wa hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akayaingiza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alisikia kwa wauza aiskrimu wa Tanga kwamba wao huyaingiza ya moto ili yagande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwa namna ambayo darasa zima liligeuza jina lake kuwa dhihaka kwa kila anayekosea. Wale walimu hawakuwa wajinga. Walikuwa na kanuni, na walijua kanuni inasema nini. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni mazoea ya kukaa na jambo lisiloeleweka bila kulifukuza. Mazoea hayo hayapatikani kwenye muhtasari wa somo. Huyapata mtu ambaye naye ana swali lake linalomsumbua, anayejua kwa mwili wake kwamba kutoelewa ni hali ya kawaida ya mtu anayefanya fizikia.

Aliyekuwa na mazoea hayo alikuja Mkwawa kama mgeni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alialikwa kutoa mhadhara, na ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama na swali lake lilelile. Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakumfukuza: alisema atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, naye fundi akarudisha taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli kuganda, na kwamba ataendelea kurudia hadi apate jibu sahihi. Kisa hicho kimo katika makala yao wenyewe, na kwangu kinaonyesha jinsi kanuni inavyoweza kumfunga macho hata mtu aliyelishika jaribio mkononi. Walirudia na kurudia, kwa mililita 70 za maji katika bika ndogo, na wakaona kwamba maji yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoanza na nyuzijoto 25 hivi, ilhali yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalitangulia mbali. Makala ilichapwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ikiwa na majina mawili, la Mpemba na la Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwisha kwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro.

MKUU WA SHULE: Sawa, lakini hapo umenipa mhadhiri wa chuo kikuu. Mimi nina mwalimu wa sekondari. Huyo Osborne alikuwa na maabara na fundi.

Ni kweli, Mkuu, na tofauti hiyo siifichi. Lakini angalia kipi kati ya vitu vya Osborne kiliikamilisha kazi. Jokofu lilikuwepo Magamba tangu 1963. Bika na kipimajoto viko katika maabara za shule nyingi za sekondari, hata zile zenye upungufu. Kilichokuja na Osborne ni mtu mmoja aliyesema: nitajaribu, kisha akaandika pamoja na aliyeuliza. Kuanzia swali lilipoulizwa mara ya kwanza hadi lilipochapwa ilipita miaka sita. Sehemu kubwa ya miaka hiyo haikutumika katika majaribio. Ilitumika kumtafuta msikilizaji. Na mwaka uleule wa 1969, huko Kanada, G. S. Kell alichapa makala kuhusu jambo hilohilo katika jarida la Marekani, bila kujua lolote kuhusu Mpemba. Swali lilikuwa limeiva katika mabara mawili. Kama Mpemba angekata tamaa pale Mkwawa, jina ambalo leo wanafizikia wa dunia nzima hulitaja wanapozungumzia jambo hili lisingetoka Tanzania.

MFANYABIASHARA WA TUNDUMA: Mwandishi, mimi si msomi, nasema kama mtu wa mpakani. Hapa kila kitu kina bei: mahindi yana bei, gari la mzigo likikaa foleni kwa siku lina bei. Hesabu za huyo mwalimu zina bei gani? Si bora afundishe tuisheni jioni, ajenge nyumba?

Ndugu yangu, akijenga nyumba kwa tuisheni sitamlaumu hata kidogo. Mshahara wa mwalimu unajulikana. Hata hivyo, usidhani kwamba kitu kisicho na bei sokoni hakina mwenyewe. Hapo Mbozi, kijijini Ndolezi, kipo kimondo cha chuma ambacho uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikifahamu, lakini katika vitabu vya sayansi kinatajwa kwamba kiligunduliwa mwaka 1930, pale mpima ardhi mgeni alipokiandikia taarifa. Jambo likiandikwa na mwingine, yeye ndiye anayetajwa. Kazi ya nadharia ina gharama ndogo kuliko kazi nyingine yoyote ya sayansi: karatasi, kalamu, na bando la intaneti la kusomea makala za wengine. Tangu 1991 iko hazina ya wazi ya arXiv ambamo wanafizikia huweka makala zao, na kuzisoma hakulipiwi. Mwalimu wa Itumba haombi mtaji. Anaomba jioni mbili kwa wiki asionekane amerukwa na akili.

MHADHIRI KUTOKA MBEYA: Mwandishi, mimi nakuheshimu, ila naona unampa mwalimu matumaini mabaya. Fizikia ya nadharia ya leo hufanywa na vikundi, na mbele imekwenda mbali. Mtu aliye peke yake Ileje atatumia miaka mitano kugundua kitu kilichogunduliwa mwaka 1950. Mshauri ajiandikishe shahada ya uzamili, apate msimamizi, au aache.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na Mhadhiri anayo haki kwa zaidi ya nusu. Upweke unaua nadharia. Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko mwanafizikia Abdus Salam. Mwaka 1951 alirudi Lahore, Pakistan, kufundisha akiwa tayari ametajwa Cambridge kama mmoja wa vijana hodari wa nadharia, na huko nyumbani hakukuta mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi yake; katika majukumu aliyopewa chuoni, mojawapo lilikuwa kuisimamia timu ya kandanda. Mwaka 1954 alirudi Uingereza, kwa uchungu, akiamini kwamba angebaki, asingekuwa mwanafizikia tena. Alichojifunza Lahore ndicho kilichomfanya aanzishe Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia huko Trieste, Italia, mwaka 1964, na humo akaweka utaratibu wa wanasayansi washirika: mtu abaki na kazi yake katika nchi yake, lakini apewe nafasi ya kwenda Trieste mara kwa mara kwa miezi michache, akae na wenzake, kisha arudi. Hakuwaambia wahame. Hakuwaambia waache. Aliona kwamba dozi ndogo ya wasikilizaji, ikirudiwa, inatosha kuihuisha kazi ya mwaka mzima. Mwaka 2018 kituo hicho kilipata tawi la Afrika Mashariki huko Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kigali si mbali nasi kama ilivyokuwa Trieste kwa baba zetu.

Kwa hiyo, Mhadhiri, tunakubaliana kuhusu ugonjwa, tunatofautiana kuhusu dawa. Shahada ya uzamili ni njia nzuri kwa anayeweza kuiacha familia au kuulipia usafiri na ada. Lakini unapoisema kama mlango pekee, unawafungia nje watu wengi ambao tatizo lao ni dogo kuliko unavyodhani. Hawahitaji msimamizi wa miaka mitatu. Wanahitaji mtu wa kusoma kurasa sita na kusema wapi pamevuja. Na kuhusu mbele kwenda mbali, nikurudishe kwa Mpemba, maana hapo ndipo hoja yako inapokutana na ushahidi unaoipinga.

Baada ya 1969, maelezo ya kinadharia ya tukio lile yalibaki wazi kwa miongo. Wengine walisema ni uvukizaji, wengine hewa iliyoyeyuka majini, wengine mikondo ya ndani ya maji. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la maelezo bora, na zaidi ya watu 20,000 wakatuma majibu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walilipinga jambo lenyewe: katika vipimo vyao kuhusu maji kushuka hadi nyuzi sifuri hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na walionyesha kwamba kukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Onyo hilo ni la haki, na kila anayelipenda jina la Mpemba analazimika kulipokea. Lakini mwaka uliofuata, 2017, Zhiyue Lu na Oren Raz waliuacha ubishi wa maji, wakauliza swali pana zaidi: je, katika mfumo wowote unaopoa, inawezekana ulioanza na joto zaidi ukafika kwenye utulivu kwanza? Jibu lao ni rahisi kulieleza. Mfumo unaporudi kwenye utulivu, hurudi kwa njia nyingi kwa pamoja, nyingine za haraka, nyingine za taratibu, na ile ya taratibu kuliko zote ndiyo inayoamua siku ya kufika. Ikiwa mfumo wenye joto kali umeanza na sehemu ndogo ya njia hiyo ya taratibu kuliko mfumo wa baridi, utaupita njiani. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walilionyesha hilo kwa chembe ndogo mno iliyowekwa majini na kusukumwa kwa mwanga wa leza, na tangu hapo swali limeingia hata katika fizikia ya kwanta.

Sasa jiulize hesabu za 2017 zilihitaji nini. Zimejengwa juu ya minyororo ya uwezekano aliyoianzisha Andrey Markov mwanzoni mwa karne ya 20, na milinganyo ambayo Andrey Kolmogorov aliiandika mwaka 1931. Mwaka 1969, Mpemba na Osborne walipochapa, zana hizo zote zilikuwa zimekwisha kuwepo vitabuni. Kwa miaka 48 nadharia hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye shahada ya kwanza nzuri, kalamu na uvumilivu, na sioni sababu ya kimaumbile kwa nini isingeandikwa Dar es Salaam, Mbeya, au Itumba. Mbele imekwenda mbali, naam, lakini haikwenda kwa mstari mmoja. Imeacha nyuma yake maswali yasiyo na kundi, na hayo ndiyo yanayomfaa mtu wa pembeni.

MHADHIRI KUTOKA MBEYA: Na mwanahisabati Yitang Zhang? Yeye alifanya kazi peke yake miaka mingi, hakuna aliyemngoja, na mwaka 2013 akathibitisha jambo kubwa kuhusu namba tasa. Hapo nadharia yako ya kusubiriwa imeanguka.

Haijaanguka, ingawa imepata mkwaruzo, nakubali. Zhang alikuwa mwalimu wa chuo asiye na sifa ya utafiti, na aliifanya kazi hiyo kimya. Lakini swali alilolijibu lilikuwa limeachwa mlangoni na wengine: mwaka 2005 Goldston, Pintz na Yıldırım walifika ukingoni mwa jibu hilo na kuonyesha waziwazi ni hatua gani imebaki. Zhang hakuwa na rafiki wa kumdai, ila alikuwa na fani nzima iliyosimama ikingoja hatua hiyohiyo, naye alilijua hilo kila asubuhi. Einstein wa Bern, ambaye husemwa kuwa mfano mwingine wa mpweke, alikuwa na Michele Besso, mfanyakazi mwenzake katika ofisi ileile, aliyezungumza naye kila mara na ambaye ndiye anayeshukuriwa mwishoni mwa makala ya uhusianifu ya 1905. Anayesubiri anaweza kuwa mtu, anaweza kuwa fani. Pasipo na kimojawapo, sijaona kazi iliyofika.

MWALIMU: Mwandishi, mmenisemea wote, sasa niseme mwenyewe. Mimi sikukwama kwa kukosa wa kunisubiri. Nimekwama kwa sababu kazi yenyewe haina mwisho. Nikiziba pengo moja, naona mawili. Nikisema mwezi huu nimalize, nasoma makala mpya, nagundua kwamba dhana yangu ya mwanzo ilikuwa finyu. Nitampelekeaje mtu kitu ambacho hakijakamilika?

Mwalimu, pole na kazi. Hapa umeligusa jambo ambalo wote wengine wameliruka, na nadhani ndipo ulipo ugumu wa kweli. Nadharia, kwa asili yake, haina mlango wa kutokea. Jaribio hufika mwisho lenyewe: barafu imeganda au haijaganda. Mlinganyo unaweza kupanuliwa milele. Einstein yuleyule aliyemaliza mambo makubwa mwaka 1905 alitumia karibu miaka 30 ya mwisho akitafuta nadharia moja ya kuunganisha mvutano na usumaku-umeme, na alipofariki Aprili 1955 alikuwa bado na karatasi za hesabu hizo karibu naye hospitalini. Hakukosa muda, wala umaarufu, wala watu wa kumsoma. Basi nakiri kwamba kusubiriwa peke yake hakutoshi. Anayesubiri lazima awe anasubiri kitu cha ukubwa unaojulikana. Halley hakumwambia Newton aeleze maumbile yote. Alimwuliza umbo la njia moja.

Na hapa makala ya Mpemba na Osborne inafundisha kitu ambacho husahaulika. Haikueleza sababu ya tukio. Iliondoa baadhi ya sababu: ilionyesha kwamba maji yanayopotea kwa uvukizaji ni machache mno kulieleza jambo lote, na kwamba hewa iliyoyeyuka si jibu. Iliona kwamba joto kubwa linatoka kwa juu, maana walipoufunika uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kulichelewa sana. Iliishia hapo, na maswali yakabaki wazi. Kwa kipimo unachojipimia wewe, Mwalimu, makala ile haikukamilika, na isingetumwa. Kama isingetumwa, Lu na Raz wasingekuwa na jina la kuipa nadharia yao. Kazi ya pembeni imekamilika pale mtu mwingine anapoweza kuichukua, kuikagua, na kuendelea bila kukuuliza wewe ulimaanisha nini. Hiki ndicho kipimo ninachokutaka ukitumie, na nakushauri ukitumie wiki hii. Daftari lako lina sura ngapi? Iko moja ndani yake inayosimama peke yake. Itoe. Dhana finyu uliyoanza nayo usiifiche: iandike ukurasa wa kwanza kama sharti, useme matokeo yako ni ya kweli ndani ya sharti hilo. Upanuzi uuache kwa makala nyingine, au kwa mtu mwingine.

MWALIMU: Na nimpelekee nani? Simjui mtu.

Hapa ndipo ninapowageukia Mkuu na Mhadhiri, maana mzigo huu si wa Mwalimu peke yake. Mkuu, tuseme Ijumaa moja kwa muhula ukampa saa moja aeleze kazi yake kwa walimu wa sayansi na hisabati wa shule za jirani. Hilo halitaharibu ratiba, na yeye atakuwa na tarehe. Kila aliyewahi kuandika anajua tarehe inafanya nini. Mhadhiri, wewe uko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au mahali kama hapo, karibu kuliko yeyote. Idara yako ikikubali kusoma maandiko mafupi ya walimu wa mikoa ya nyanda za juu kusini, kurasa sita tu, jibu ndani ya mwezi, hata jibu la mistari mitano, utakuwa umefanya Songwe kile Salam alichokifanya Trieste, bila gharama ya ndege. Kuweka makala arXiv kwa mara ya kwanza kunahitaji udhamini wa mtu aliyekwisha kuchapa humo. Udhamini huo mwalimu wa Itumba atautoa wapi, kama si kwako? Jarida la Tanzania Journal of Science lipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na makala iliyokwisha kusomwa na mtu mmoja makini hupokewa tofauti na ile iliyofika bila kusomwa na yeyote.

MHADHIRI KUTOKA MBEYA: Tutafurikwa na maandiko ya ovyo.

Mengine yatakuwa ya ovyo, ndiyo. Mtatambua kwa dakika kumi, maana makosa ya nadharia huonekana upesi kwa jicho lililozoea, na hata huyo aliyekosea atakuwa amejifunza pale alipokosea badala ya kukaa na kosa hilo miaka kumi. Bado naona hasara ya kusoma maandiko ishirini dhaifu ni ndogo kuliko hasara ya kulipoteza moja. Mwalimu wa Magamba aliyemfukuza Mpemba alijiokolea dakika kumi hizo.

MWALIMU: Na wasipojibu?

Basi utume kwa mwingine, Mwalimu, andiko lilelile, na barua fupi inayotaja swali moja, sharti uliloanza nalo, na mstari ambapo huna uhakika. Usilirudishe daftarini kulipamba. Bose alikuwa ameituma makala yake kwanza kwa jarida la Philosophical Magazine la Uingereza, na halikuichapa. Juni 1924 aliifunga tena pamoja na barua kwa Einstein, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, akimwomba aisome na, akiona inafaa, asaidie ichapwe kwa Kijerumani. Einstein akaitafsiri kwa mkono wake.